Mafuta yangu ya mdomo yanatoa jasho, naombeni ushauri kuhusu ozokeriti

MamaKopo: Wakuu habari za mchana, mi natengeneza mafuta ya mdomo hapa nyumbani Mbagala, nta ya nyuki, mafuta ya nazi na shea kidogo, yakiwa hapa yako fresh ila nikiyatuma Tanga na basi mteja akifungua kopo anakuta vijitone vya mafuta juu kama mtu katoka kukimbia, wananiambia nimewauzia kitu kibovu. Dada mmoja kaniambia niweke ozokeriti, sijui hata ni mdudu gani. Muuzaji nimempata Uchina, kilo 25, sasa wakala wa mizigo anasema nta inawaka, ni mzigo hatari, anataka hela ya ziada. Kweli?

FundiNta: Dada hiyo ni nta ya kuchimbwa ardhini, zamani kule Boryslav, Ukraine walikuwa wanaifuata mashimoni kama wanavyofuata dhahabu Geita. Chembe zake ni ndogo sana ndo maana inashika mafuta yasichuruzike, parafini ya kawaida haifui dafu. Anza na asilimia 3 mpaka 5, ukizidisha mteja atahisi kapaka mshumaa 😂 Itangulize jikoni, nta ya nyuki inayeyuka nyuzi 62 mpaka 64, hii mara nyingi 70 na kitu. Bakuli juu ya sufuria ya maji moto, sio moja kwa moja kwenye gesi, na ikishika moto USIMWAGE MAJI, funika zima jiko.

Mzee wa Bandari: Wakala anakupiga huyo. Nta ngumu ya vidonge kwa kawaida sio mzigo hatari, hatari ni ile inayosafirishwa ikiwa imeyeyushwa, nyuzi 100 kwenda juu, hiyo ndo UN 3257, namba ya Umoja wa Mataifa ya kutambulisha mzigo hatari wa aina hiyo. Mwambie muuzaji akutumie SDS, ile karatasi ya usalama, kipengele cha 14 ndo cha usafirishaji, mpe wakala asome mwenyewe.

FundiNta: Na uulize ni ya vipodozi, siku hizi nyingi zenye jina hilo ni mchanganyiko wa nta za petroli. Sio mbaya, ila ujue unanunua nini.

MamaKopo: Asanteni jamani. Karatasi imekuja, kipengele cha 14 kinasema sio mzigo hatari, nimemtumia wakala, tiki za bluu na kimya. Yule dada kanigawia robo kilo nimejaribu asilimia 4, kopo liko dirishani toka juzi halijatoa hata tone. Ila limekuwa gumu kidogo kidole hakizami, nipunguze ya nyuki?

FundiNta: Eeh punguza ya nyuki, ozokeriti usiiguse.