SOPK: ninunue inositoli, au nianze na chakula na kutembea?

Binti wa Kadutu
Dada na mama zangu, nisaidieni. Nina miaka 26, ninauza vitenge hapa soko la Kadutu, Bukavu. Siku zangu zinakuja zinapotaka, mara nyingine miezi minne inapita bila kitu. Ndevu zinaota kidevuni na chunusi haziniishi. Muganga wa hospitali amenipiga ekografi, ile picha ya tumbo (ultrasound), akaandika SOPK, shida ya homoni na ovari, ile ambayo Wakenya na Watanzania wanaiita PCOS. Akaniambia nipunguze uzito, basi, akaita mgonjwa mwingine. Binamu yangu yuko Brussels, anataka kunitumia unga wa inositoli, kirutubisho wanachokunywa wenye SOPK. Mama mkwe naye ameleta chupa ya dawa ya majani, anasema itayeyusha uvimbe nipate mimba. Nianzie wapi? Pesa ni kidogo, na bugali siwezi kuacha, ndiyo tunayokula nyumbani.

Mama Ushindi
Pole sana mdogo wangu. Mimi ninaishi na hali hiyo tangu ujana, na watoto ninao, kwa hiyo usikate tamaa.

Kwanza ile chupa. Hakuna uvimbe wa kuyeyusha. Vile vijifuko vilivyoonekana kwenye ekografi ni vya mayai yaliyoanza kukua yakaishia njiani. Kwa wengi wetu mwili hauisikii vizuri insulini, ile homoni inayosimamia sukari ya damu, kwa hiyo inatengenezwa nyingi kupita kiasi, nayo inachochea ovari kutoa homoni za kiume. Ndiyo maana ndevu zinaota na siku zinapotea. Dawa isiyojulikana ina nini wala kipimo chake, mtu anayetafuta mimba asiiguse. Mama mkwe mshukuru kwa heshima, ni mapenzi yamemtuma, lakini usiinywe.

Bugali kula, ila punguza tonge. Mimi ninachukua la ukubwa wa ngumi, nusu ya sahani ni lenga-lenga (mchicha) au sombe (kisamvu) isiyojaa mawese, kisha maharagi au sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa. Sambaza kavu ninazikaanga bila mafuta kwenye sufuria ya moto, ninazigeuza mpaka zinakauka kabisa na harufu inatoka, ndipo ninatia kitunguu, nyanya na maji kidogo. Shibe yake inanifikisha jioni. Nilichofuta kabisa ni soda, mandazi ya asubuhi na sukari ya kurundika kwenye chai. Hapo ndipo niliona tofauti kubwa kuliko kokote. Usijinyime chakula lakini! Nimeona wasichana wanashinda njaa, usiku wanakula kwa hasira.

Kutembea, sisi wa Bukavu milima inatusaidia. Acha pikipiki, panda kwa miguu kutoka Nyawera kwenda Kadutu, mwendo wa kukutoa jasho. Dakika 30, siku tano kwa wiki, zinatosha kuanzia. Na usitafute kuwa mwembamba: mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4 hadi 8, mara nyingi siku zinaanza kujipanga.

Inositoli watu wengi wanakunywa gramu 4 kwa siku, asubuhi mbili na jioni mbili. Mwongozo wa kimataifa wa SOPK wa 2023 unasema inaweza kujaribiwa kwa kuwa madhara yake ni machache, ila ushahidi wa faida bado ni mdogo. Binamu akikutumia bure, pokea, uipe miezi kadhaa. Lakini usitoe mtaji wa vitenge kuinunua, tafadhali.

Neema B.
Niongeze kidogo. Mimi nina kilo 52 na SOPK ninayo, basi wembamba wasijidanganye. Kwangu chakula na mazoezi vilisaidia, ila siku zilirudi vizuri baada ya kupewa metformini, ile dawa ya sukari.

Mkunga Bahati
Mama Ushindi amesema vema. Ninaloogopa mimi ni hiyo miezi minne. Ukipita miezi mitatu bila damu, pima mimba kwanza, kwa sababu hata mwenye SOPK anashika bila kutarajia. Kama hakuna mimba, rudi kwa muganga. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba unanenepa, na ukiachwa hivyo miaka, unaweza kuleta saratani. Kuna vidonge vya projesteroni vya kuushusha.

Mwombe pia akupime presha, tezi ya shingo, prolaktini (homoni ya maziwa) na sukari, kile kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi. Akikupa metformini, kunywa na chakula, la sivyo tumbo litakusumbua. Na kwa kuwa unataka mtoto, anza asidi foliki mikrogramu 400 kila siku sasa hivi, ni rahisi kupata. Siku zikikataa kujipanga, ipo letrozoli ya kusukuma yai, chini ya muganga. Mume naye apimwe, msibebe peke yenu.

Binti wa Kadutu
Aksanti sana, nimesoma mara mbili na mume wangu amesoma. Damu sikuwahi kupimwa kabisa. Jumatatu ninaenda kwa kipimo cha sukari. Niende bila kula?

Mkunga Bahati
Ndiyo. Usile tangu saa mbili usiku wa Jumapili, maji tu unaweza. Ukishakunywa glukosi utakaa pale masaa mawili, usitembee-tembee, kwa hiyo mwachie mtu meza yako sokoni.