Ushauri: Nataka kuzuru maeneo ya vita vya 1857 kule India, nipange vipi safari?

Mwalimu_wa_Ruvuma

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari, niko Songea. Mdogo wangu anasoma Greater Noida, jirani na Delhi, na Februari nakwenda kumtembelea. Nikishakaa naye kidogo nitabaki na nafasi ya kuzunguka, kama wiki moja na ushee, na sitaki iishie Taj Mahal na madukani.

Nataka kuona sehemu ambazo Wahindi walipigana na Waingereza mwaka 1857 na 1858. Kila mwaka nafundisha Majimaji kwa watoto ambao baadhi yao mababu zao walinyongwa hapa hapa mjini Februari 1906, na nimeshazoea kuwaeleza kwamba maji ya Kinjikitile yaliwaunganisha watu, lakini hasira yenyewe ilitoka kwenye mashamba ya pamba, kodi na viboko. Nikisoma habari za 1857 naona jambo linalofanana: risasi zilizosemekana kupakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe, chukizo kwa askari Wahindu na Waislamu, zilikuwa cheche, kuni zilikuwa zimekusanywa miaka mingi. Ningependa nikirudi niwaeleze wanafunzi mambo niliyoyaona kwa macho yangu.

Naomba mnisaidie. Nianzie wapi? Delhi, Meerut, Lucknow, Kanpur, Jhansi, vyote vinawezekana kwa muda huo? Barrackpore alikonyongwa yule askari Mangal Pandey je? Na kwa mwanamke anayesafiri peke yake kuna la kuzingatia? Bajeti yangu ni ya mwalimu, mnaielewa.

Kipanga_Noida

Karibu sana dada mwalimu. Mimi nasoma huku, kwa hiyo nitajibu ya safari, ya historia nawaachia wengine.

Barrackpore iache. Iko karibu na Kolkata, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Delhi, itakula siku zako bure. Hizo nyingine zinakaa kama duara: Delhi kwenda Lucknow, Lucknow kwenda Kanpur ni chini ya kilomita 100, Kanpur kwenda Jhansi, Jhansi kwenda Gwalior kama kilomita 100, halafu Gwalior unarudi Delhi. Kote kuna treni. Meerut unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa treni mpya ya kasi ya Namo Bharat.

Tiketi za treni kata mapema, wiki kadhaa kabla. Chagua behewa lenye kiyoyozi, daraja la viti kwa safari za mchana. Shatabdi ya asubuhi kutoka New Delhi inakupeleka Lucknow kabla ya saa nane mchana, na chakula wanakuletea kwenye kiti. Februari umechagua vizuri, ukungu wa Desemba na Januari ambao huchelewesha treni kwa masaa unakuwa umepungua, na joto la Mei bado.

Viingilio: mgeni analipa zaidi ya mwenyeji. Ngome Nyekundu na kaburi la Humayun ni rupia 600, ukilipia mtandaoni inapungua kidogo. Residency ya Lucknow (makao ya zamani ya mwakilishi wa Waingereza) na ngome ya Jhansi ni kama nusu ya hiyo. Kadi ya mwanafunzi ya mdogo wako haitakusaidia hapo.

Bint_Mrima

Mwalimu, nimefurahi kuona mtu anauliza hili. Nilikaa Delhi muda mrefu nikimuuguza mama, na siku ambazo wauguzi walikuwa wakiniambia nikapumzike nilikuwa natembelea sehemu hizi, moja moja.

Usiende Delhi kama kwamba ni kituo kimoja. Vita vile vimetawanyika mji mzima na watu wanapita juu yake bila kujua. Anza Ngome Nyekundu. Ndani ya ukumbi wa Diwan-i-Khas ndimo mfalme mzee wa nasaba ya Mughal, Bahadur Shah Zafar, mtu wa zaidi ya miaka 80, aliposhtakiwa mwanzoni mwa 1858 na wageni waliokuja nchini mwake kama wafanyabiashara. Utashangaa kuona bustani na nafasi tupu nyingi: Waingereza walibomoa sehemu kubwa ya kasri baada ya vita na kujenga kambi za askari, majengo mazito ya mawe yasiyofanana na kitu chochote pale. Leo ndani ya kambi hizo hizo kuna makumbusho ya 1857, yaliyofunguliwa 2019. Mimi nilisimama mlangoni nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Kisha nenda kaburi la Humayun. Watalii wanakwenda kwa uzuri wake, nao ni uzuri kweli, lakini ndipo Zafar alipojificha Septemba 1857 Delhi ilipotekwa, na ndipo afisa Hodson alipomkamata. Kesho yake akawachukua wana wawili wa mfalme na mjukuu, akawavua nguo za juu na kuwapiga risasi kwa mkono wake njiani, karibu na lango ambalo hadi leo linaitwa Khooni Darwaza, Lango la Damu. Lango hilo unalitazama kwa nje tu, limezungushiwa uzio, lipo karibu na kituo cha metro cha Delhi Gate. Barabara inayopita hapo imepewa jina la Bahadur Shah Zafar.

Na tafadhali usikose Zafar Mahal, Mehrauli, si mbali na Qutub Minar. Jengo limechakaa, watoto wa mtaani wanacheza mle. Zafar alikuwa amejichagulia nafasi ya kuzikwa hapo, katikati ya makaburi ya wazee wake. Waingereza walimpeleka Rangoon (Yangon ya leo, Myanmar), akafa huko Novemba 1862, na nafasi yake ipo wazi mpaka leo.

Nyumba_ya_Nile

Hapo kwa Zafar mmenigusa. Sisi Uganda wafalme Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda walipelekwa Shelisheli mwaka 1899. Mwanga alifia huko, lakini mwili wake ulirudishwa Buganda 1910 akazikwa kwao. Kabalega aliruhusiwa kurudi 1923 akafia Jinja kabla ya kufika nyumbani. Zafar bado yuko Yangon. Mwalimu, ukiwafundisha watoto, waambie kumhamisha mfalme mbali na watu wake ilikuwa mbinu iliyorudiwa, India na kwetu pia.

Mzee_wa_Kumbukumbu

Mwalimu, salaam. Nakubaliana na waliotangulia, ila mimi ningekushauri uanze Meerut hata kabla ya Delhi, kwa sababu mambo yalianzia pale na utayaelewa vizuri ukiyafuata kwa mpangilio wake.

Aprili 1857 askari 85 wa kikosi cha tatu cha wapanda farasi walikataa kugusa zile risasi. Wakahukumiwa na mahakama ya kijeshi, na tarehe 9 Mei wakavuliwa sare na kufungwa pingu za miguu mbele ya wenzao wote, kazi iliyochukua masaa chini ya jua. Kesho yake, Jumapili jioni, wenzao wakavunja gereza na usiku ule ule wakaelekea Delhi. Nenda kwenye makumbusho ya mapambano ya uhuru pale Meerut, na hekalu la Augarnath ambalo watu bado wanaliita la Kali Paltan, yaani kikosi cha weusi, maana ndivyo Waingereza walivyowaita askari wa Kihindi. Kisha nenda kanisa la Mtakatifu Yohana na makaburi yake. Uone pande zote mbili siku moja.

Hilo ndilo ninalotaka kukusisitizia. Karibu kila mnara wa zamani utakaouona ulijengwa na walioshinda. Waingereza waliandika jina la kila afisa wao kwenye marumaru. Askari wa Kihindi waliokufa kwa maelfu hawana hata kaburi. Kule Delhi, juu ya kilima kinachoitwa Ridge, kuna mnara wa mawe mekundu uliojengwa 1863 kuwakumbuka wanajeshi wa Kiingereza na waliopigana upande wao. Serikali ya India huru haikuubomoa. Mwaka 1972 uliitwa Ajitgarh na likawekwa bango linaloeleza kwamba wale wanaotajwa kama maadui kwenye maandishi ya zamani walikuwa mashujaa waliopigania uhuru wa nchi yao. Maandishi yote mawili yapo, unayasoma ukiwa umesimama mahali pamoja. Kwa mwalimu wa historia sijui mahali panapofundisha zaidi ya hapo.

Kipanga_Noida

Naongeza kuhusu Ridge: nenda asubuhi, na mdogo wako au mwenzako. Ni msitu katikati ya mji, baadhi ya njia hazina watu, na nyani ni wengi mno, usibebe chakula mkononi. Kituo cha metro ni Vishwavidyalaya, ukishuka unachukua bajaji ya umeme. Mnara wa Flagstaff uko huko huko. Ukitoka hapo shuka Kashmere Gate uone lango ambalo Waingereza walililipua Septemba 14, 1857 kuingia mjini, alama za mizinga bado zipo.

Lucknow_Moyoni

Mimi nilisomea Lucknow, naomba niutetee mji wangu. Mwalimu, ukiwa na siku mbili tu nje ya Delhi, zote mbili zipeleke Lucknow.

Residency ni magofu yaliyoachwa kama yalivyokuwa. Kuta zimejaa matundu ya mizinga. Karibu watu 3,000 walizingirwa mle kuanzia mwisho wa Juni hadi Novemba 1857, Waingereza pamoja na askari wa Kihindi waliobaki upande wao, jambo ambalo vitabu vingi hupita haraka. Bendera ya Uingereza ilipepea juu ya magofu yale usiku na mchana hadi 1947.

Lakini ukitoka hapo usiishie kwenye hadithi ya waliozingirwa. Waliozingira nao walikuwa na sababu. Kampuni ya Kiingereza ya East India, iliyotawala India wakati huo, ilinyakua ufalme wa Awadh, ambao Lucknow ilikuwa mji wake mkuu, mapema 1856, ikamwondoa Nawab (mtawala) Wajid Ali Shah, na askari wengi wa jeshi la Bengal walikuwa wana wa vijiji vya Awadh. Mkewe, Begum Hazrat Mahal, alimtawaza mwanawe mdogo Birjis Qadr na kuongoza vita. Alikataa masharti ya Waingereza, akafia Kathmandu 1879. Kuna bustani yenye jina lake katikati ya mji, zamani iliitwa kwa jina la Victoria.

Halafu Sikandar Bagh. Novemba 16, 1857 wapiganaji kama 2,000 waliuawa ndani ya kuta zile kwa siku moja. Inasimuliwa kwamba Uda Devi, mwanamke wa jamii ya Wapasi, jamii iliyodharauliwa, alipanda mti akawadungua askari wengi wa Kiingereza kabla ya kuuawa. Sanamu yake ipo hapo. Kila Novemba Wapasi hukusanyika kumkumbuka. Wasichana wa darasa lako wapelekee habari zake.

Bahari_Kuu

Mimi naomba kutofautiana kidogo. Kanpur ningeiruka. Nilifika, nikatoka na uzito ambao sikuweza kuuondoa. Pale ghati (ngazi za kushukia mtoni) ya Satichaura Waingereza waliokuwa wameahidiwa usalama walipigwa risasi wakipanda mashua, Juni 27. Julai 15 wanawake na watoto wa Kiingereza karibu 200 waliuawa Bibighar na kutupwa kisimani. Siwezi kumwonyesha mtoto mahali hapo na kusema huu ni ushujaa.

Mzee_wa_Kumbukumbu

Bahari_Kuu, nakuheshimu, na hakuna anayesema Bibighar ni ushujaa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mwalimu aende. Na akienda, azingatie mpangilio wa tarehe. Kanali Neill wa jeshi la Waingereza alikuwa ameshanyonga watu na kuchoma vijiji kuzunguka Allahabad mwezi Juni, kabla ya Bibighar. Baada ya Bibighar aliwalazimisha wafungwa kulamba damu sakafuni kabla ya kuwanyonga. Watoto wanaosoma Majimaji wanajua Wajerumani walivyochoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua wengi kuliko risasi. Mwalimu anayeficha maovu ya upande anaoupenda hataaminiwa akieleza ya upande wa pili.

Kisima kilizibwa, eneo sasa ni bustani inayoitwa Nana Rao. Sanamu ya malaika waliyoiweka Waingereza ilihamishiwa kanisa la All Souls baada ya uhuru. Kanisa liko eneo la jeshi, kwa hiyo tembea na pasipoti.

Bahari_Kuu

Nimekuelewa mzee wangu. Basi mwalimu, Kanpur ipitie mchana mmoja, usilale. Jioni panda treni ya Jhansi.

Bint_Mrima

Na Jhansi ulale! Ngome ya Rani (malkia) Lakshmibai iko juu ya kilima cha mawe, mji wote unauona. Mumewe alipofariki 1853 Dalhousie, gavana mkuu wa Waingereza, alikataa kumtambua mtoto waliyemwasili kuwa mrithi, akatwaa ufalme. Ndani ya ngome utaona mzinga mkubwa wa Kadak Bijli, na kaburi la mpiga mizinga wake Ghulam Ghaus Khan. Mwislamu aliyekufa akimlinda malkia wa Kihindu, mahali ambapo leo wapo wanaotaka watu wa dini hizo wasikae pamoja. Nililia pale, sioni haya kusema.

Rani mwenyewe aliuawa Gwalior Juni 1858 akipigana. Mnara wake uko Phool Bagh. Kwa hiyo ukimalizia Gwalior utakuwa umefuata vita tangu Mei 1857 Meerut hadi siku za mwisho za Rani.

Mwalimu_wa_Ruvuma

Wakuu, Mungu awabariki. Nimeshika: Meerut kwanza, kisha Delhi, Lucknow nilale, Kanpur mchana, Jhansi nilale, Gwalior, nirudi. Mzee wa Kumbukumbu, maneno yako kuhusu Kanpur nitayafanyia kazi, hapa Songea tunayo makaburi ya pamoja na tunajua uzito wake.

Swali la mwisho: mdogo wangu anapata nafasi Jumatatu tu kunizungusha Delhi. Ni sawa?

Kipanga_Noida

Jumatatu Ngome Nyekundu inafungwa, dada. Siku hiyo mwende naye Ridge asubuhi, Kashmere Gate, halafu Khooni Darwaza, hizo hazina tiketi. Ngome na kaburi la Humayun nenda Jumanne peke yako, kuna watu wengi na metro ina behewa la wanawake mbele.