Tupeane uzoefu: vita na njaa vilivyokatiza masomo nyumbani kwetu

Mwalimu wa Katindo
Darasani kwangu, la tano la msingi, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, ameingia msichana aliyekimbia vita vya Masisi ambaye kwa umri wake angekuwa sekondari, na nilipomsikia akisoma kwa kunong'ona ili wadogo wasimsikie, niliwakumbuka wengi. Tuelezane: vita viliacha nini katika masomo ya nyumba zenu?

Mama Ndosho
Tulikimbia mji wa Sake Februari 2024, tukaishi kambi ya Bulengo, karibu na Goma, chini ya turubai. Mzaliwa wangu wa kwanza alikuwa karibu kupata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari; akaanza kusukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, ili wadogo zake wapate bugali. Usiku mmoja mvua ililowesha kuni zote, kitindamimba akitetemeka kwa homa, na mvulana yule akachana madaftari yake, karatasi baada ya karatasi, ili nipate moto wa kuchemshia uji. Hakusema neno. Goma ilipotekwa Januari 2025, benki zikafungwa na kambi zikavunjwa, nasi tukakata tamaa ya kupata karo. Leo wadogo wakifungua vitabu yeye hutoka nje, na baba yake hataki tena kusikia habari za shule.

Mzee wa Kadutu
Pole sana, Mama. Hapa Bukavu ni hivyo hivyo.

Fundi wa Birere
Mama, mwache ajifunze useremala. Njaa haingoji diploma.

Mwalimu wa Katindo
Sikubaliani nawe, ndugu Fundi. Mtihani wa Serikali wa kupata diploma hiyo hupokea pia waliojisomea wenyewe, kwa hiyo anaweza kushika randa mchana na kitabu jioni.

Fundi wa Birere
Na gharama za mtihani atalipa nani, Mwalimu? Elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule za msingi.

Muuguzi wa Himbi
Mnabishania mkubwa, mnamsahau kitindamimba; njaa ya utotoni huacha alama. Huko Uholanzi, watoto waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya 1944–1945 walionekana kuwa na matatizo ya sukari mwilini walipokuwa watu wazima, ingawa njaa ile ilidumu miezi tu. Kwetu njaa hurudi kila vita vinaporudi. Mama, mpeleke kitindamimba kituo cha afya apimwe mzunguko wa mkono na urefu, na umtilie ndagala (dagaa) za kusaga katika uji.

Mama Ndosho
Asante, dada, nitampeleka. Mwalimu, hao wanaojisomea hujiandikisha mwezi gani? Nitamweleza mwanangu mimi mwenyewe, baba yake asipokuwapo.