Kiraka cha mistari minne, siku ya 19 leo: hapa Dodoma nani katufungia poti 587?

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha, kwa hiyo mtanivumilia kwa urefu.

Nina kiraka, yaani marekebisho madogo ya msimbo wa programu, cha mistari minne. Minne tu, na mmoja kati ya hiyo ni maelezo. Leo ni siku ya 19 nahangaika kukitoa Dodoma kiwafikie wanaotunza kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta wa Linux. Kiraka hakina shida. Kwanza seva ya barua pepe ya ofisini kwetu inakiharibu njiani, halafu kampuni inayoniuzia intaneti nyumbani Nkuhungu imeziba njia nyingine: poti 587, mlango wa mtandao wa kutolea barua pepe. Na Ijumaa, juu ya yote hayo, nikakabidhiwa barua ya kujieleza.

Kwa wasio wa fani hii nieleze kidogo. Marekebisho ya kerneli hayatumwi kwa kubofya vitufe kwenye tovuti, yanatumwa kwa barua pepe. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipoiandika Git, programu ya kutunza mabadiliko ya msimbo, mwaka 2005 aliiandika kwa ajili ya kazi hiyo hiyo, ndiyo maana ndani yake kuna amri zinazopokezana: `git format-patch` inaigeuza komiti yako (badiliko ulilolihifadhi) kuwa barua, `git send-email` inaipeleka ukiwa hapo hapo kwenye teminali (dirisha la kuandikia amri), na upande wa pili mtunzaji anaipokea kwa `git am` na kazi inaingia kama ilivyotoka kwako, jina lako likiwa juu. Kiraka kinakaa ndani ya barua yenyewe, hakiambatishwi, kwa sababu mtunzaji anakujibu mstari kwa mstari: ananukuu ulichoandika, chini yake anakuambia hapa sijaelewa, hapa badilisha. Miradi mingine kama QEMU wanafanya kazi hivyo, U-Boot (programu ya kuwashia vikompyuta vidogo) hivyo, na Git wenyewe hivyo. Mimi naupenda utaratibu huu. Haujali kompyuta yako ni ya bei gani, na barua ya kilobaiti nne inapita hata kwenye bando la shilingi mia tano.

Sasa kiraka chenyewe. Tuna vikompyuta vidogo 11 kwenye maghala ya mahindi upande wa Kibaigwa, kila kimoja kina kihisi cha joto na unyevu wa hewa, na usomaji ndio unaowasha au kuzima feni. Umeme ukikatika na kurudi, draiva, ile sehemu ya kerneli inayoongea na kihisi, inakiuliza kihisi kabla hakijawa tayari, kihisi kinajibu sifuri. Unyevu sifuri! Mfumo unaona ghala ni kavu, unazima feni, na mahindi yanakaa kwenye unyevu mpaka mtu apite kukagua. Nililala ghalani siku mbili kulitafuta hilo kosa, nikawa nachomoa na kuchomeka waya wa umeme usiku kucha nikitazama namba. Dawa yake ni kusubiri milisekunde 15 kabla ya kusoma mara ya kwanza. Basi.

Wenyeji wa mkoa huu hamhitaji kuambiwa unyevu ghalani unaleta nini. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mtu akiniambia hili ni jambo dogo la watu wa kompyuta, ninakasirika, na nina haki.

Mngeweza kuuliza kwa nini nisikibandike mwenyewe kwenye mashine zangu nikaendelea na maisha. Nimekibandika. Lakini kila toleo jipya la kerneli likitoka inabidi nikibandike upya kwa mkono kwenye mashine 11, na siku nikihama ofisi hakuna atakayekumbuka. Kikikubaliwa kule juu kinakuja chenyewe kwa kila mtu mwenye kihisi hicho, awe Kongwa au Brazili. Bosi wangu alilielewa hilo vizuri, na dokezo la kuruhusu kazi itumwe kwa jina la ofisi lilipita na kusainiwa. Naomba mlikumbuke hilo dokezo.

Nikatuma mara ya kwanza kupitia seva ya ofisi, kwa anwani ya ofisi, kwa `git send-email`, kila kitu kwa mujibu wa taratibu. Kesho yake nikajibiwa na mtunzaji, kwa upole kabisa, kwamba kiraka hakiingii: tafadhali angalia mfumo wako wa barua, na pia siwezi kushughulikia barua yenye tangazo la usiri. Tangazo gani? Nilikuwa sijaandika tangazo lolote.

Nikajitumia mwenyewe kiraka kile kile kwenye anwani yangu binafsi, nikakihifadhi nilivyokipokea, nikaweka faili mbili upande kwa upande na kuzisoma kwa `cat -A`. Amri hiyo inazionyesha zile nafasi za kitufe cha Tab kama `^I`. Faili niliyotuma, kwenye mstari wa ile amri ya kusubiri:

`+^Iusleep_range(15000, 16000);$`

Faili iliyofika:

`+    usleep_range(15000, 16000);$`

Nafasi nne. Seva imeondoa kila Tab kwenye barua nzima na kuweka nafasi tupu. Kerneli inaandikwa kwa Tab, kwa hiyo mistari ya jirani ambayo Git inaitumia kutambua mahali pa kuchomeka kiraka haifanani tena na faili ya kule, na `git am` inakataa. Mstari mmoja mrefu wa maelezo umekatwa vipande viwili, na kipande cha pili kimebaki hakina alama yoyote mbele, Git inasema kiraka kimeharibika. Na chini kabisa, baada ya kila kitu, aya mbili ambazo sijaziandika: barua hii ni siri, kama si wewe uliyekusudiwa ifute mara moja. Unamtumia mtu kazi ambayo itasomwa na dunia nzima, halafu kwa sauti ya ofisi unamwamuru aifute. Angeipokeaje?

Nikaenda kitengo cha TEHAMA na faili zote mbili zimechapishwa, Tab nimezizungushia kalamu nyekundu. Nilisalimia, nikaeleza taratibu. Jibu nililopewa: "Hizo ni nafasi tu, mkuu. Wenzako wanatuma barua kila siku na zinafika." Nikasema kwenye msimbo nafasi zina maana. Nikaambiwa niweke faili la zip niambatishe. Nikaeleza kwa nini haiambatishwi. Nikaambiwa nijaze fomu ya maombi. Nikajaza. Siku sita, hakuna jibu. Siku ya saba nikaambiwa tangazo la usiri ni sera na haliondolewi kwa mtu mmoja. Sawa, ni sera. Tab nazo ni sera? Nani alikaa kikao akapitisha kwamba seva ibadilishe maneno ya mfanyakazi bila kumwambia? Posta ikifungua barua yako, ikapanga aya upya na kuongeza ukurasa wake mwishoni, utaikubali?

Ndipo nikaamua kutumia anwani yangu binafsi kutoka nyumbani. Wanaotumia Google wanajua: tangu 30/5/2022 nywila ya kawaida haikubaliki kwenye programu za namna hii, unawasha uthibitisho wa hatua mbili, unatengeneza nywila maalumu ya herufi 16, unaiweka. Hilo halikunisumbua, lina sababu yake na maelekezo yapo. Nikaweka poti 587, nikaandika amri, nikasubiri. Dakika moja. Mbili. Kisha:

`Unable to initialize SMTP properly. Check config and use --smtp-debug.`

Usiku mzima nilijitilia shaka mwenyewe. Nikaandika mipangilio upya, nikasoma mwongozo neno kwa neno, nikatengeneza nywila nyingine. Saa nane usiku ndipo nikawaza kupima njia badala ya mipangilio. Poti 443, ya tovuti: jibu papo hapo. Poti 587: kimya. Poti 465, nayo ya kutuma barua: kimya. Nikabadilisha seva tatu za nchi tofauti, kimya kile kile. Nikawasha hotspoti ya laini ya simu ya mke wangu, kampuni nyingine, poti 587 ikaitika kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe.

Yaani nimelipa mwezi mzima, na mtu fulani amekaa mahali akaamua barua pepe yangu isitoke, wala hakuniambia.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada wa kwanza akanitaka nizime ruta niwashe. Nikazima, nikawasha, poti bado imefungwa. Wa pili: "Kaka, intaneti yako iko sawa, mbona YouTube inafunguka?" Wa tatu akaahidi fundi. Fundi alikuja kweli, kijana mstaarabu, amepigwa na vumbi la barabara ya kwetu, akapima kasi, akasema kasi ni nzuri. Nikamwonyesha kipimo changu. Akakitazama muda mrefu, akasema, "Hiyo imefungwa huko juu kaka, mimi siwezi kuigusa." Simlaumu hata kidogo. Ndiye mtu pekee aliyeniambia ukweli katika siku 19.

Najua hoja itakayokuja: poti zinafungwa kuzuia barua taka. Poti 25, nakubali kabisa. Hiyo ni ya seva kuongea na seva, haiombi nywila, na kompyuta za majumbani zenye virusi zimeitumia vibaya miaka mingi. Ifungeni. Lakini 587 iliwekwa makusudi ili 25 ikifungwa mtu halali abaki na mlango wake. Ni ya mtu kwenda kwenye seva yake mwenyewe, kwa jina na nywila, akituma uchafu anajulikana na anazuiwa huko huko. Hili wala si maoni yangu. Waraka wa RFC 5068 wa mwaka 2007, mmoja wa nyaraka za kanuni za intaneti, unasema bila kuzunguka kwamba kampuni za intaneti ni lazima zisiwazuie wateja wao kufika poti 587. Uliandikwa kwa ajili yao. Huko kwao nani ameusoma?

Kuna watakaoniambia nitumie `b4`, programu ya kutumia viraka vya kerneli, kwamba kernel.org, tovuti ya kerneli, wana njia ya kupokea viraka kupitia poti 443 kwa waliozibiwa poti za barua. Ipo, nawashukuru walioitengeneza, na kijana yeyote aliyekwama kwenye kazi ya kerneli aitumie leo. Lakini ni mlango wa kazi za kerneli. Wiki ijayo nina kiraka cha U-Boot, nitakipitishia wapi? Na hata kama kila mradi duniani ungetengeneza mlango wake wa nyuma kwa ajili yetu, mimi nimelipia intaneti, na barua pepe imo ndani ya intaneti tangu kabla ya tovuti kuwepo.

Tuendelee. Kiraka kilitoka siku ya 15, kwa bando la mke wangu. `Result: 250`, yaani seva imeipokea. Mtunzaji akajibu baada ya saa chache, safari hii hakugusia Tab wala tangazo, alijadili kazi: eleza milisekunde 15 umezipata wapi, ongeza mstari wa `Fixes:` unaotaja komiti iliyoleta kosa, tuma toleo la pili. Nilifurahi mpaka nikamwamsha mke wangu. Siku 15 zote nilichotaka ni mtu wa kujadiliana naye kuhusu kihisi.

Ijumaa asubuhi nikaitwa. Kwa kuwa kazi ni ya ofisi, jina langu kwenye komiti na kwenye `Signed-off-by`, mstari wa saini ya mtumaji, lina anwani ya ofisi. Unapotuma kwa anwani nyingine, `git send-email` inaweka mstari wa `From:` juu ya barua kuonyesha mwandishi ni nani. Ndivyo inavyotakiwa, ndiyo heshima kwa ofisi, kazi ihesabiwe ni yao. Mtu wa TEHAMA aliuona mstari huo mtandaoni, akaandika kwamba nimetumia anwani ya ofisi kwenye barua iliyotoka nje ya mfumo wa ofisi. Kitengo kile kile kilichoniharibia kiraka, kikakaa na fomu yangu siku saba. Dokezo lenye saini lipo kwenye faili. Hakuna aliyelifungua.

Sitaki huruma. Kwa ofisi: seva iache maandishi ya barua kama yalivyoandikwa, na kama tangazo la usiri ni lazima, liwekwe kwenye barua za siri. Kwa kampuni za intaneti: fungueni 587 na 465, au andikeni kwenye mkataba, kwa Kiswahili, kwamba mmezifunga, ili mtu ajue ananunua nini. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo hapa tangu 2007, kila mwaka vijana wanamaliza wakijua kuandika programu. Wangapi wamekaa saa nane usiku kama mimi wakaamini wao ndio hawajui, wakaacha?

Ninachoomba kwenu ni kitu kimoja. Kama upo Area C, Kisasa, Makulu, Ihumwa, Chang'ombe, popote hapa mkoani, fungua teminali uandike:

`nc -vz -w 5 smtp.gmail.com 587`

Halafu rudia kwa 465. Weka jibu hapa, pamoja na mtaa wako na kama ni faiba au laini ya simu. Jina la kampuni msiweke, sitaki uzi ufutwe. Barua ya kujieleza inatakiwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Nimeshaandika ukurasa mmoja na nakala ya dokezo nimeibana nyuma yake. Majibu yenu nitayachapisha niyabane hapo pia.