Kupanga upya kanisa la parokia: tuanzie altare au mabenchi?

Mjumbe wa kamati ya ujenzi
Tumsifu Yesu Kristo. Kanisa letu ni refu na jembamba, altare, yaani meza ya Misa, imeshikamana na ukuta, na waamini wanaokaa nyuma husikia Misa kwa kipaza sauti tu. Baadhi yetu wanapendekeza altare isogezwe na mabenchi yaizunguke pande tatu. Wengine wanahofia kuharibu kazi nzuri waliyotuachia wazee. Tuanzie wapi?

Mwalimu wa liturujia
Milele, amina. Hofu hiyo ni ya haki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya liturujia (ibada rasmi za Kanisa), ulitaka makanisa yanayojengwa yawezeshe ushiriki hai wa waamini, lakini haukuagiza altare za zamani zivunjwe. Mwongozo wa Jumla wa Misale ya Kirumi (kitabu cha kuadhimishia Misa), namba 303, unasema kwamba pale altare ya zamani inapozuia ushiriki huo, na haiwezi kuhamishwa bila kuharibu thamani yake ya kisanaa, ijengwe nyingine ya kudumu, na ibada ziadhimishwe juu ya hiyo mpya pekee. Ile ya zamani hubaki, ila haipambwi kwa namna ya pekee.

Msanifu majengo
Msianze na mabenchi. Amueni kwanza mahali pa altare, mimbari na kiti cha padre, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoonyesha watu wageukie wapi. Altare ikisogezwa mbele kupita kiasi, padre atawapa mgongo walioketi pembeni, na mtakuwa mmehamisha tatizo badala ya kuliondoa. Jaribuni mpangilio kwa jukwaa la mbao kwa majuma kadhaa kabla ya kugusa ukuta. Kwaya nayo iketi pamoja na waamini, kwa sababu ni sehemu yao.

Mjumbe wa kamati ya ujenzi
Asanteni sana. Na tabernakulo, yaani kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, ikae wapi?

Mwalimu wa liturujia
Isiwe juu ya altare ya Misa. Namba 315 ya Mwongozo ule inaruhusu ikae katika eneo la altare, hata kwenye altare ya zamani isiyotumika tena, au katika kikanisa cha kuabudia kilichoungana na kanisa na kinachoonekana na waamini. Kwenu ningechagua altare ya zamani, kwani hapo wazee wamezoea kupiga magoti. Uamuzi ni wa Askofu, kwa hiyo ishirikisheni tume ya liturujia ya jimbo kabla michoro haijakamilika.