Mbio za pointi za jioni: nakosea wapi?

Swali: Wadau habari za leo. Nimeanza mbio za baiskeli za pointi kwenye velodromu (uwanja wa mviringo wa baiskeli), zile za jioni baada ya kazi, na kila kengele ikilia nakimbiza mpaka miguu inakufa halafu nafika wa tano, sipati kitu. Nipiganie sprinti zote (zile kasi za kugombania pointi) ama niache zingine?

Jibu: Acha zingine ndugu yangu. Uwanja wa mita 250 sprinti inakuja kila mizunguko 10, wa kwanza pointi 5, wa pili 3, kisha 2 na 1, basi, wa tano hana chake. Ile ya mwisho inahesabiwa mara mbili kwa hiyo bakiza nguvu.

Jibu: Mi naongezea, chomoka kwenye kundi pale sprinti inapoisha tu, waliopigania wanahema na hakuna anayetaka kuongoza kundi, ukitoka na mtu mmoja mkapokezana kukaa mbele kukata upepo mkalizunguka kundi lote mnapata 20 kila mmoja, sawa na kushinda sprinti 4! Ila ukizidiwa mzunguko wewe unakatwa hizo 20.

Jibu: Na jamani angalia nyuma kabla hujapanda upande wa juu wa uwanja, baiskeli hazina breki na pedali hazisimami, ukikata njia ghafla unawaangusha wote. Hili nalisema kwa uchungu, nimeona watu wakivunjika mfupa wa bega.

Aliyeuliza: Asanteni sana, wiki hii sprinti ya kwanza naiacha, nitoke baada ya ya pili.