MJADALA: Sampuli zetu zitumike kwenye utafiti wa jeni mpaka tukatae, au zisitumike mpaka tukubali?

Mleta mada: Wakuu, wanaotafuta jeni zinazoongeza hatari ya kisukari au ugonjwa wa moyo wanahitaji watu wengi mno. Mchango wa kila jeni huwa mdogo, ukipima watu mia mbili huuoni. Uingereza walikusanya watu 500,000 wa miaka 40 hadi 69 kati ya 2006 na 2010, wakachukua damu, mkojo na mate. Ila walioalikwa walikuwa kama milioni 9. Walioitikia hawakufika hata asilimia 6. Na hao walioitikia ni wenye nafuu: hawavuti sana sigara, mifuko yao iko vizuri kidogo, na karibu wote ni Wazungu. Unataka kujua nani ataugua, halafu unapima wenye afya zao! Mimi nasema sheria imwingize kila mtu, asiyetaka ajitoe mwenyewe.

Mchangiaji 1: Iceland walishajaribu, mkuu. Sheria ya 1998 iliruhusu rekodi za matibabu za nchi nzima ziingizwe kwenye kanzidata moja, na deCODE, kampuni ya utafiti wa jeni, ikapewa leseni. Ukinyamaza, umekubali. Binti mmoja akataka rekodi za marehemu baba yake zisiingizwe, akakataliwa, akaenda mahakamani. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ikampa haki: ya baba yanafichua ya mwana. Kanzidata ile haikujengwa kamwe. Kampuni ikaendelea kwa kuomba ridhaa ya mtu mmoja mmoja, na zaidi ya nusu ya watu wazima wa nchi hiyo wakajitolea. Kwa hiyo tatizo la Uingereza siyo ridhaa. Tatizo ni namna walivyowafuata watu.

Mchangiaji 2: Mnahangaika na idadi tu. Kule Dallas, Marekani, utafiti wa moyo wa watu elfu chache ulihakikisha takriban nusu yao ni weusi. Ndipo walipoonekana watu wachache ambao jeni yao ya PCSK9 imeharibika, na lehemu mbaya yao iko chini tangu kuzaliwa. Ufuatiliaji wa kundi jingine, uliochapishwa 2006, ukaonyesha kuwa weusi wenye hitilafu hiyo wana hatari ya ugonjwa wa moyo pungufu kwa asilimia 88. Kufikia 2015 dawa za sindano zinazoiga hali hiyo zilishaidhinishwa. Wangepima Wazungu peke yao, hitilafu zile wangezikosa, maana kwao ni adimu mno.

Mleta mada: Mchangiaji 2, hapo umenisaidia, maana wanaokosekana ndio sheria yangu ingewaleta. Mchangiaji 1, hoja ya yule binti inakata kotekote. Nikitoa mate yangu kwa hiari, nusu ya jeni za mwanangu nimeshazitoa bila kumuuliza. Ridhaa yangu inamlinda vipi yeye?

Mchangiaji 3: Haimlindi, na ndiyo maana mnabishana mlangoni wakati wizi uko stoo. deCODE yenyewe ilifilisika 2009, ikanunuliwa na kampuni ya dawa ya Amgen 2012. 23andMe, kampuni inayopima jeni za wateja kwa mate yao, nayo ikaomba ulinzi wa kufilisika Machi 2025, ikiwa na wateja kama milioni 15. Mleta mada, kabla hujanichukulia damu kwa sheria, niandikie kwenye sheria hiyohiyo: mnunuzi atabanwa na masharti niliyoyakubali, kampuni ya bima haisogei karibu, na nikijitoa sampuli inateketezwa. Hapo tuanze kuongea.